Pengo Kwenye Kiatu cha K

Jumatatu moja, jua likiwa limepanda kiasi cha kumfanya mtu atafute upande wenye kivuli, Mama Herufi alisimama katikati ya barabara akasahau kuvuka. Mwendesha baiskeli alimpigia kengele mara tatu, kisha akamzunguka huku akimwambia, "Mama, barabara si sebule!" Hakumsikia. Alikuwa ameinua uso anasoma bango jipya juu ya mlango wa saluni.

KWA WAKE KWA WAUME, ndivyo lilivyosema. Herufi nyeusi, nene, juu ya rangi ya maziwa.

Alilisoma mara ya pili. Akalisoma mara ya tatu kwa kulirudia nyuma, mwisho kwenda mwanzo, kama anavyokagua kazi yake kabla ya kushuka kwenye ngazi. Mkono ulikuwa wake, hilo halikuwa na ubishi. Ila hakukumbuka kuliandika.

Mama huyu jina lake la kuzaliwa lilishamezwa na kazi. Baba yake alipofariki, yeye akarithi ngazi, brashi na kisanduku cha violezo, na tangu hapo mtaa mzima ukamwita Mama Herufi, hata barua ikija na lile jina la kwanza huuliza ni ya nani. Anaandika mabango ya maduka, kuta za maghala, milango ya ofisi na ubavu wa magari. Na huandika herufi za aina moja tu, zile nene zilizovaa viatu.

Viatu ni vile vipande bapa vinavyotokeza kwenye ncha za nguzo za herufi, chini na juu, na kuifanya isimame imara kama askari wa gwaride. Herufi zisizo navyo yeye huziita peku. Mteja akimwambia, "Niandikie zile za kisasa, zisizo na mambo mengi," humjibu, "Hizo kaandikiwe kwingine, baba. Mimi sitoi mtu nje peku." Na si viatu tu. A yake ina mguu mwembamba kushoto na mnene kulia, kama mtu aliyeegemea upande mmoja akisubiri foleni. O yake imenenepa mbavuni, kichwani na nyayoni imekonda. Ukiiandika unene mmoja mwili mzima, husema, hiyo si O, hiyo ni tairi.

Herufi hizo baba yake alizitoa kwenye jiwe. Juu ya mlango wa mahakama ya zamani, wajenzi wa siku nyingi walichonga mstari wa maneno ya lugha ambayo mjini hapo hapana aliyeijua. Baba alimwomba askari wa zamu ruhusa, akapanda na karatasi ya kufungia vitu pamoja na kipande cha mkaa, akaifunika kila herufi karatasi na kuisugua mpaka ikajitokeza. Alitaka duka la mtu lisomeke kwa heshima ile ile ya mahakama, hata kama ndani yake mna sabuni na viberiti. Nyumbani alizihamishia kwenye plaiwudi, akazikata kwa msumeno mwembamba, moja moja, zikawa violezo vya kuchorea. Shida ni kwamba lile jiwe halikuwa na K, wala halikuwa na W. Sasa utaandika nini katika lugha yetu bila K na W? Huwezi kusema hata karibu. Mzee alikaa na jambo hilo wiki nzima. Mwishowe akaazima mguu wa R akaipa K, akachukua V mbili akazipitishia mabega, moja juu ya mwenzake, ikawa W. Kwa hiyo duniani kote, K ile na W ile zilikuwa za nyumba moja tu.

Na hizo hapo, K tatu na W nne, juu ya mlango wa saluni.

Kinyozi alimwona kupitia mlangoni. Alikuwa ameshika mashine, kichwa cha mteja kikiwa nusu kimenyolewa na nusu bado.

"Shikamoo mama!" akapaza sauti. "Asante sana kwa kazi. Watu wanaisifu hiyo, we acha tu!"

Hapo ndipo Mama Herufi alipopaswa kuuliza. Angesema tu, kijana, nani amekuandikia? Lakini mtu anaanzaje kuuliza nani kafanya kazi ambayo anashukuriwa yeye? Aliona aibu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Karibu tena."

Akaondoka upesi, ndoo ya brashi ikimgonga goti.

Aibu hiyo ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa nyumbani, imekaa kwenye kiti cha kamba, inakunja kanga na kuikunjua. Dada yake mkubwa alikuwa na mwaka wa nne wa kusahau. Alianza kwa kusahau chungu jikoni, akaja kusahau njia ya sokoni, na sasa kuna siku alimsahau mdogo wake kabisa, akamwita Bibi wa watu na kumshukuru kwa ukarimu. Familia ilipobaini, ilimwondolea vitu kimoja kimoja kwa upole. Viberiti vikaenda. Ufunguo wa mlango wa mbele ukaenda. Kisu kikaenda. Kila kilipoondolewa, watu walisema ni kwa usalama wake, na ilikuwa kweli. Lakini Mama Herufi alikuwa ameona jinsi Dada alivyokuwa akipapasa shingoni, palipokuwa pakining'inia ule ufunguo.

Yeye akianza kusahau wangemwondolea nini? Alijua bila kuambiwa. Ngazi. Na fundi wa mabango asiye na ngazi ni mtu wa kukaa kwenye kiti cha kamba, basi.

Kwa hiyo siku ile hakumwambia mtu. Aliingia ndani akatoa daftari lake la kazi. Hulijaza kila amalizapo bango: siku, mahali, na maneno yote kama yalivyoandikwa, maana wateja wengine hurudi baada ya miaka wakidai walitaka neno jingine. Akafungua mwezi huu. Akafungua mwezi uliopita. Hakuna saluni. Moyo ukaanza kutulia. Kisha akafika mahali ambapo kurasa nne hazikuwepo, zimechanwa, zimebaki meno tu kwenye uzi.

"Dada," akaita. "Kurasa za humu ziko wapi?"

"Nimewafungia kuku," Dada akasema.

"Kuku gani? Hatufugi kuku."

"Ndiyo maana hawajarudi."

Mama Herufi akacheka, halafu akaacha. Kurasa nne. Inawezekana saluni ilikuwa humo. Inawezekana haikuwa.

Siku zilizofuata akawa anajichunguza kama mtu anayemfuata mwizi ambaye ni yeye mwenyewe. Asubuhi kabla ya kutoka alihesabu brashi, jioni akazihesabu tena. Alijitajia majina ya majirani kuanzia mwanzo wa mtaa hadi kwenye bomba la maji. Alipima rangi nyeusi kwa kijiti, akaweka alama kwenye kopo, ili ajue kama kuna siku anaamka na kwenda kuandika mahali bila kujijua. Rangi haikupungua. Lakini je, kama bango lile aliliandika kabla ya kuweka alama?

Akaenda kwa fundi wa magodoro, ambaye kibanda chake kinatazama njia yote na macho yake hayakosi kitu.

"Fundi, hebu niambie. Wiki hizi umeniona nikipita na ngazi kwenda upande wa saluni?"

Fundi wa magodoro akatoa sindano mdomoni. "Mama Herufi, wewe ndiye mwenye miguu, mimi ndiye niulizwe ilikwenda wapi?"

"Nakuuliza vizuri."

"Nami nakujibu vizuri. Wewe na ngazi yako mnapita kila siku. Nikikuona huna ngazi ndiyo nitashtuka, nitauliza mwenzio mgonjwa?"

Hakupata msaada hapo.

Alhamisi lilipita gari la maji. Ubavuni limeandikwa MAJI SAFI KWA WOTE, K yake ni ile, W zake ni zile, zimekaa kwenye mkunjo wa tangi bila kuyumba. Mama Herufi alilitazama hadi likakata kona. Kuandika kwenye tangi la duara ni kazi ya siku mbili, unalala chali nusu ya muda, shingo inakuuma wiki. Shingo yake haikuwa inauma. Akajishika shingo pale pale barabarani, akaibonyeza huku na huku. Labda iliuma kidogo. Au ni kwa sababu ameibonyeza?

Jumapili binti yake alikuja kama kawaida yake, na mkoba wa matunda kwa ajili ya mama yake mkubwa. Huyu binti ni mwanawe pekee. Alifanya kazi kwenye duka la kompyuta na uchapaji, upande wa pili wa mji, na tangu utoto hakutaka kushika brashi; alisema rangi inamwasha pua. Mama yake hakumlaumu, ila alimwita Mkono Safi, na jina likakaa.

Mama Herufi aliona amjaribu kwa mbali.

"Umeliona bango la saluni?" akauliza huku akimenya chungwa, macho yakiwa kwenye chungwa.

Uso wa binti ukang'aa. "Nimeliona! Limependeza, eh? Nilikuwa nasubiri uniambie umelionaje."

"Limependeza," Mama Herufi akasema.

"Na gari la maji?"

"Nalo."

"Mimi nilidhani hutapenda, Mama. Nilikuwa na wasiwasi."

"Kwa nini nisipende kazi yangu mwenyewe?" akasema polepole, akipima kila neno.

Binti akamkumbatia kwa furaha. Na Mama Herufi, chungwa mkononi, akaacha kumenya. Kumbe binti anajua. Watu wote wanajua. Ameandika saluni, ameandika tangi, amelala chali siku mbili chini ya jua, na kichwani mwake hakuna hata tone la rangi lililobaki. Akamtazama Dada kwenye kiti cha kamba. Dada naye akamtazama, akamtabasamia kwa adabu, kama anavyotabasamiwa mgeni.

Jumatatu hakwenda kazini. Alikaa akiitazama ngazi ilivyoegemea ukuta wa uani, na mara mbili akaishika.

Jumanne ilikuwa siku ya dawa za Dada. Walikwenda zahanati wakiwa wameshikana mikono, Dada akiuliza kila kona wanakwenda kwa nani. Dirishani muuguzi akawapa vidonge kwenye bahasha ndogo ya karatasi, akaeleza kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mama Herufi akavaa miwani ili asome mwenyewe, maana siku hizo hakutaka kuamini masikio yake peke yake.

Juu ya bahasha palichapwa maneno matatu: DAWA ZA KUNYWA. Kila herufi ilikuwa na kimo cha ukucha. Nene. Zimevaa viatu.

"Haiwezekani," akasema.

"Nini, mama?" muuguzi akauliza.

"Hizi bahasha mnazo ngapi?"

Muuguzi akamwonyesha boksi. Zilikuwa zimejaa mpaka kifuniko hakifungi, mamia kwa mamia, zote zinafanana. Hata kama Mama Herufi angekuwa amerukwa na akili kabisa, hakuna brashi duniani inayoweza kuingia kwenye ukucha mara elfu. Alibaki dirishani ameshika ile bahasha, watu wa nyuma wakianza kuguna.

"Mama, tunaumwa huku," mmoja akasema.

Akasogea pembeni, akaiinua bahasha kwenye mwanga wa mlango. Ndipo alipoliona. Kwenye K, kiatu cha kushoto, nchani, kulikuwa na kidoa cheupe, kidogo kama alama ya kung'atwa na kiroboto. Pengo.

Violezo vya baba yake ni vya zamani na kila kimoja kina ugonjwa wake. B ina ufa. S imeliwa na mchwa tumboni. K ina pengo kwenye kiatu cha kushoto tangu siku Dada, akiwa msichana wa miaka kumi na moja, alipoiangusha kutoka juu ya paa la ghala ikagonga jiwe. Mzee hakukata nyingine. Aliwakalisha watoto wake wawili chini, akawaambia ukishachora kwa kiolezo hiki, kitu cha kwanza, kabla hujafanya lolote, ziba pengo kwa mkono. Na Dada kama adhabu akachora K mia moja siku ile na kuziba mapengo mia. Tangu hapo Mama Herufi aliliziba bila kufikiri, kama mtu anavyoruka kizingiti cha kwao gizani. Alikuwa ameliziba mara nyingi mno, hata akasahau kwamba lipo.

Lakini hapa halikuzibwa.

Aliondoka zahanati kwa mwendo wa karibu na mbio, Dada nyuma yake akilalamika, "Bibi, taratibu, mimi si mbuzi." Alipofika saluni akamkalisha Dada kwenye benchi la wateja.

"Kijana, una ngazi?"

"Kuna nini tena, mama? Limeharibika?"

"Nipe ngazi."

Kinyozi akaileta. Mama Herufi akapanda mpaka uso wake ukalingana na bango, akapitisha kiganja juu ya K ya kwanza. Rangi ya brashi ina kingo. Ukiipapasa unahisi mahali herufi inapoanza, kama ukingo wa kovu. Hapa palikuwa laini kama sahani. Akaweka ukucha pembeni, na ncha ya herufi ikainuka. Ilikuwa stika. Akatazama kiatu cha kushoto: pengo. K ya pili: pengo. K ya tatu: pengo, pale pale, kubwa vile vile, limefanana na wenzake kama mapacha watatu. Akatoa uzi mfukoni akapima W zote nne. Hazikupishana hata unywele. Mkono wa mtu hauna adabu ya namna hiyo. Yeye mwenyewe W inayofuata K huibana kidogo, zisikanyagane.

"Hili nani alilibandika?" akauliza akiwa juu. Safari hii aibu ilikuwa imemwisha.

"Si vijana wa duka la uchapaji? Dakika kumi tu wakamaliza." Kinyozi akajikuna. "Nilivyoagiza, yule dada wa pale akaniambia hizi ni herufi za Mama Herufi. Nikajua unazichora wewe, wao wanabandika."

"Dada gani?"

"Yule mwenye miwani myekundu. Anayefanana na wewe, mama, samahani."

Duka la uchapaji lilikuwa na mashine tatu zinazonguruma na harufu ya karatasi ya moto. Mkono Safi alipomwona mama yake mlangoni, bahasha mkono mmoja na mama mkubwa mkono wa pili, akasimama.

"Mama? Kuna msiba?"

Mama Herufi akaiweka bahasha ya dawa juu ya meza. "Hii ni nini?"

"Bahasha za zahanati. Tulizichapa mwezi uliopita."

"Herufi hizi umezitoa wapi?"

Binti akamtazama asielewe. "Si zako?"

"Najua ni zangu! Nakuuliza zimefikaje humu?"

Basi binti akavuta kiti, akamwonyesha. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na orodha ndefu ya majina ya miandiko, na katikati yake moja liliandikwa Mama Nene.

"Nani mnene?" Mama Herufi akauliza.

"Herufi, Mama! Herufi ndizo nene. Mwandiko wa pili ungekuwa Mama Mwembamba, lakini sikupata muda."

Dada akacheka kwa sauti. Alikuwa hajacheka tangu asubuhi.

Binti akabonyeza, na alfabeti yote ya babu yake ikajipanga kwenye kioo, nyeusi tii, kutoka A hadi Z. Mwezi wa tatu alikuwa amechukua kisanduku siku ya Jumamosi, akaweka violezo kimoja kimoja kwenye mashine ya kunakili, akavirudisha Jumapili. Kisha miezi miwili ya kukaa baada ya saa za kazi, akifuata kila ukingo kwa kipanya. Alisema hayo haraka haraka, halafu akapunguza sauti, akamwangalia mama yake mkubwa aliyekuwa akisoma kalenda ukutani.

"Niliogopa, Mama. Nilimwona Mama Mkubwa anavyoondoka kidogo kidogo. Nikasema, na wewe ikitokea... herufi zitakwenda na nani? Mimi brashi sijui."

Mama Herufi alitaka kukasirika. Alipoitafuta hasira hakuiona mahali alipoiacha.

"Ungeniuliza," akasema.

"Nilikuuliza."

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza, Mama. Siku ile ya ukuta wa ghala la mbolea. Ulikuwa juu, Mama Mkubwa amekaa chini kwenye kigoda. Nikakwambia, nachukua kisanduku, nataka kuziweka herufi kwenye kompyuta, watu wa kazini watazitumia, sawa? Ukasema mm."

"Mm ndiyo nini?"

"Mm ndiyo mm! Mbona miaka yote ukisema mm tunajua ni ndiyo?"

Mashine ziliendelea kunguruma. Mama Herufi akalitafuta ghala la mbolea kichwani, akalipata. Akaupata ukuta, jua la siku ile, rangi nyekundu iliyokuwa nzito mno. Binti chini ya ngazi hakumpata. Hakuwepo kabisa. Je, hakusikia kwa sababu alikuwa anapima mstari? Au alisikia, akajibu, kisha likafutika? Mabango hakuyaandika, basi hilo limekwisha, mzigo umetoka begani. Lakini hiyo mm moja ilikuwa imekaa pale pale, na hakujua aitie upande gani.

Nyumbani, baada ya chakula cha mchana, akamwendea shahidi pekee aliyebaki.

"Dada. Siku ya ghala la mbolea. Mkono Safi alikuja akaniuliza jambo?"

"Alikuja," Dada akasema bila kusita. "Amevaa blauzi ya kijani. Akauliza kisanduku."

Mama Herufi akakaa. "Nami nikasema nini?"

"Utasema nini nawe una misumari mdomoni? Mtu mwenye misumari mdomoni husema mm tu."

Misumari. Kweli ukuta mrefu hufungiwa uzi kwa misumari miwili ili mstari usipinde. Lakini yeye misumari huiweka mfukoni. Aliyekuwa akiishika mdomoni ni Baba. Mama Herufi akajaribu kukumbuka ladha ya chuma ulimini, akaipata, ila hakuweza kusema ni ya mwaka gani.

"Dada, huyo mwenye misumari alikuwa mimi au Baba?"

Dada akamtazama kwa huruma, kama anayeulizwa swali la mtoto. "Kwani hamkuwa pamoja?"

Kesho yake Mama Herufi alitandika ubao wa mteja juu ya meza ya uani. KARAKANA YA KIKWETU, ndiyo maneno. Alikuwa na K nne mbele yake na moyo mzito. Akaweka kiolezo, akapitisha penseli pembeni, akakiondoa. Kabla hajaweka penseli chini, mkono ulitokea ubavuni kwake ukamnyang'anya.

Ulikuwa wa Dada. Alikuwa ameinuka kwenye kiti cha kamba, kanga imeanguka nyuma yake. Aliinama juu ya ubao, akaifikia K, kiatu cha kushoto, akaziba pengo kwa mstari mmoja usiotetemeka. Kisha akachukua brashi nyembamba, akaikamua kwenye mdomo wa kopo kama walivyofunzwa, akapita juu ya penseli.

"Usipoziba kwanza utasahau," akasema. "Na Baba akiona itakuwa kelele."

Huyu ni mtu asiyejua leo ni siku gani, ambaye jana alisoma kalenda nusu saa nzima. Na pengo ameliziba. Mama Herufi akasogeza kiolezo, akamchorea K ya pili. Dada akaliziba. Ya tatu, akaliziba.

Simu ikalia ndani. Alikuwa binti.

"Mama, niko kwenye kompyuta. Kinyozi kaniambia ulipanda ukazipapasa K. Nimeikuza, nimeliona hilo pengo. Naliziba sasa hivi, dakika moja."

"Liache."

"Lakini ni kosa, Mama. Litatokea kila mahali."

"Litokee. Za kwako zibaki na pengo. Za kwetu tunaziba." Akachungulia dirishani. Dada alikuwa amesimama na brashi mkononi, anasubiri. "Siku nikisimama barabarani nisijue bango ni la nani, nitatazama kiatu."

"Na kama ulipoliandika ulisahau kuziba?"

Mama Herufi akafikiri. "Muulize mama yako mkubwa," akasema, akakata simu.

Alipotoka, Dada alikuwa bado amesimama pale pale, tone la rangi linaning'inia kwenye ncha ya brashi.

"Wewe ni nani kwani?" Dada akauliza.

"Mdogo wako."

Dada akamkagua juu mpaka chini, hakuonekana kuridhika sana, lakini kazi ilikuwa inasubiri.

"Basi shika ngazi," akamwambia.

Ngazi ilikuwa mbali, imeegemea ukuta, na ubao ulikuwa mezani. Mama Herufi akaitazama ngazi, akautazama ubao, akaenda akaishika.